Kofi la Askofu

Siku ya kipaimara changu askofu alinipiga kofi.
Kofi jepesi, la vidole viwili, lenye harufu ya krisma na tumbaku,
akasema, sasa wewe ni askari.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili na viatu vya kuazima.
Sikuuliza askari wa vita gani.

Leo ninayefundisha ni mimi, Kadutu, nyuma ya parokia,
katika chumba ambacho kila mvua kubwa
kinateremka kidogo zaidi kuelekea ziwani.
Madawati tumeyakingia mawe.
Tulikuwa tumefika kwenye shavu:
ukipigwa hili, toa na lile.

Zihindula, mwana wa fundi bati, akanyoosha mkono.
“Mwalimu, shavu yangu, sawa, nitageuza.
Lakini shavu ya Nsimire,
nani alinipa ruhusa niigeuze?”

Hakuna aliyecheka.
Nsimire alikuwa mlangoni akimsubiri kaka yake,
kitambaa amekifunga mpaka chini ya jicho.
Wote tuliijua ile njia ya shamba.

Nikafanya nilivyofundishwa.
Nikamhesabia masharti ya vita vya haki, kidole kwa kidole:
sababu iwe njema, amri itoke kwa mwenye mamlaka,
njia nyingine zote ziwe zimefungwa,
na dawa isiue kuliko ugonjwa.
Aliitazama mikono yangu kama mtu anayehesabiwa chenji.
“Mwenye mamlaka ni nani hapa?
Juzi walikuwa wale. Leo ni hawa.”
Kidole changu cha pili kikakunjika chenyewe.

Nikakimbilia bustanini, kwa Petro:
aliambiwa aurudishe upanga, na sikio likapona.
“Ndiyo, mwalimu. Lakini alitembea nao njia yote,
na hakuna aliyemunyang'anya.”

Marehemu mume wangu, Namegabe, alikuwa mwokaji.
Walipogawa bunduki mtaani alisema
mikono yake imeshajaa unga.
Walimwacha hai.
Jirani aliyepokea bunduki, naye aliachwa hai.
Jirani wa tatu hakuulizwa kitu,
tulimzika Alhamisi.
Miaka yote hii nawafundisha watoto wa watu,
na sijaweza kutoa somo humo.

Jumamosi iliyofuata nilikuta daftari juu ya dawati,
mwenyewe hayupo.
Wengine walisema kapanda milimani na vijana,
wengine, kavuka Ruzizi kutafuta kibarua.
Ukurasa wa mwisho alikuwa ameliandika tena swali lake,
kwa hati safi, bila kosa,
akaniachia mistari sita ya jibu.

Mistari sita!
Kuna usiku nimeandika *usiue*, nikafuta.
Kuna usiku nimeandika *mlinde*, nikafuta.
Nikaandika kwamba anayeishika silaha kwa ajili ya dada yake
siku moja ataishika kwa ajili ya chumvi,
nikamkumbuka Nsimire akinywa chai kwa upande mmoja wa mdomo,
nikafuta hilo pia, ingawa ni kweli.
Karatasi imekonda pale.
Ukiinua daftari, mwanga wa taa unapita.

Pentekoste askofu alikuja. Huyu mpya hapigi kofi,
anapaka mafuta na kutoa amani, na mkono wake ni laini.
Wasimamizi tulijipanga nyuma ya watoto,
kila mmoja mkono wa kuume begani kwa wake.
Jina la Zihindula hawakulifuta kwenye orodha;
lilisomwa.
Likasomwa tena.

Mimi ndiye aliyenichagua.
Nilisogea zamu yetu ilipofika,
nikainua mkono mahali bega lake lingekuwa,
nikaushusha kidogo, nikaupandisha,
kama mtu anayeulizwa mtoto wake ana urefu gani
na hajamwona tangu mwezi wa pili.